Kitambaa Hakilii

Ukiwa na kovu na unaishi upande ule wa mji, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyekushona ni Mama Nyuzi. Jina lake halisi lilijulikana na watu wa mishahara tu. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu alipojisahau, walimwita hivyo, kwa sababu miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa kushona watu. Kisu cha jikoni kimeteleza, chupa imepasuka, pikipiki imekataa kona, mbwa wa jirani amesahau ujirani: wote waliishia kwenye kitanda chake chembamba chenye mpira wa kijani, wakachomwa ganzi, wakashonwa, wakaambiwa wasilowanishe.

Alikuwa na mkono mwepesi. Alilijua hilo, na hakuwa mtu wa kujifanya halijui. Akikutana na mtu sokoni alitazama kovu kwanza, uso baadaye. "Hilo langu," angesema kwa furaha, huku mwenye kovu akijitahidi kukumbuka huyu mama ni nani. Mwanawe alishamwomba asifanye hivyo msibani.

Kisha mkono ukatetemeka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mtoto wa kike alikuwa ameanguka kwenye ngazi akapasuka juu ya jicho, jeraha dogo, la kushonwa huku unapiga soga. Mama Nyuzi akashika koleo la kubania sindano, akaelekeza sindano, na sindano ikacheza. Akaiondoa. Akavuta pumzi, akaelekeza tena, ikacheza zaidi. Mtoto analia, mama mtu anamtazama yeye, na kijasho chembamba kinamtoka chini ya barakoa. Muuguzi mwenzake, dada mmoja mrefu ambaye wodi nzima ilimwita Twiga, akanyoosha mkono na kupokea koleo. Twiga hakuwa mbea, na siri ingeishia pale pale. Tatizo ni kwamba daktari mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Alimwita ofisini mchana.

"Mama, hebu niambie. Likizo yako ya mwisho ilikuwa lini?"

"Nilipofiwa na mume wangu."

"Hiyo si likizo." Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nenda nyumbani mwezi mzima. Upumzike. Tafuta kitu cha kutuliza akili, cha mikono ukipenda. Ukirudi tutaupima huo mkono. Ukiwa mzima, kitanda chako kipo. Usipokuwa mzima, tutakutafutia nafasi pale dirishani."

Pale dirishani ndipo wagonjwa walipopewa kadi. Hakuna ubaya wowote katika kutoa kadi. Lazima kuwe na mtu wa kuzitoa. Lakini Mama Nyuzi aliwahi kuwaona waliopelekwa pale, walivyogeuza shingo kila kitanda cha magurudumu kilipopita, na aliogopa. Tusifichane: aliogopa sana. Nje ya chumba kile hakujua yeye ni nani.

Nyumbani aliishi na mwanawe, msoma mita za maji, pamoja na mkewe na binti yao mdogo waliyemwita Kidoti. Mkwe huyu, Mama Kidoti, alifanya kazi duka la mapazia hadi saa nane mchana. Alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, na kwa miaka yote waliyokaa pamoja yeye na mama mkwe wake walikuwa wamesalimiana vizuri sana. Zaidi ya salamu hapakuwa na mengi. Mmoja alirudi amechoka kwa vilio vya watu, mwingine kwa wateja wanaotaka pazia la bluu ambalo si bluu.

Kupumzika kulimshinda Mama Nyuzi tangu siku ya kwanza. Alisugua masufuria mpaka yakaanza kuwa membamba. Alichemsha vitambaa vya vyombo kana kwamba kesho kuna upasuaji jikoni. Alipanga upya kabati la dawa, akatupa zilizopitwa na wakati, na baadhi ambazo hazijapitwa. Alisimama uani akachungulia ng'ambo ya ukuta na kumuuliza jirani kidonda chake cha goti kinaendeleaje, akaomba akione, akasema kimefungwa vibaya. Jirani akaacha kuanika nguo upande ule.

"Mama," mwanawe akamwambia mezani, "daktari alisema upumzike. Sasa sisi ndio tumechoka."

Hivi hivi angemaliza mwezi, kama si simu ya mteja mmoja wa mapazia. Mteja alimpigia Mama Kidoti alasiri moja na kumfokea kwa kosa ambalo wala hakulifanya. Mama Kidoti akajibu kwa adabu mpaka mwisho, akakata simu, na Mama Nyuzi, aliyekuwa akichambua mchele kando, akaona mshipa wa shingo ya mkwe wake unavyopiga. Jicho la muuguzi halistaafu. Aliona pumzi fupi, aliona vidole vimekakamaa. Akangoja aone binti huyu atameza nini.

Hakumeza kitu. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akatoa kapu lake dogo, akachukua foronya iliyobanwa kwenye fremu ya duara, akaanza kudarizi. Sindano ikapanda, ikashuka. Muda si mrefu mshipa ule ukatulia, mabega yakashuka, pumzi ikawa ndefu.

Mama Nyuzi akasahau mchele. Alikuwa ameliona kapu lile kila siku, na kila siku alilipita. Kwake, kushona kitu ambacho hakijapasuka kulikuwa sawa na kumpa mtu mzima dawa: hasara ya dawa, usumbufu kwa mtu. Lakini dawa iliyoshusha mapigo kwa kasi ile, bila maji ya kumezea, hakuwa ameiona bado. Akavuta kiti.

"Mama Kidoti, unafanyaje hapo?"

Mkwe akashtuka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa. "Nadarizi tu, Mama. Maua."

"Naona maua. Nauliza unafanyaje mpaka unatulia."

Mama Kidoti akafikiri. "Sijui. Natoboa, navuta. Natoboa tena. Ukitaka nikuonyeshe?"

Alimkatia kipande cha shuka kuukuu. Akachora jani moja kwa penseli, jani la kawaida lenye mstari katikati. Akamwonyesha fremu: maduara mawili ya mbao, dogo linakaa ndani ya kubwa, kitambaa kinabanwa katikati, unakaza skrubu mpaka ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma. Akamwonyesha uzi, ambao kumbe si uzi mmoja bali nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja. "Unatoa mbili tu, Mama. Ukiweka zote sita, jani litakuwa kamba." Urefu wake ni kuanzia ncha ya kidole hadi kiwiko, kwa sababu mrefu zaidi utajisokota na mfupi zaidi utakuchosha kutunga.

"Nimeelewa," akasema Mama Nyuzi, na kwa kweli alikuwa ameelewa asilimia kubwa. Kushona yeye? Kumfundisha samaki kuogelea. "Wewe nenda katazame chakula. Utakuta tayari."

Alinawa mikono hadi viwikoni. Akafuta sindano kwa spiriti. Akaitazama sindano ile iliyonyooka kwa mashaka, maana zake zilikuwa zimepinda kama mwezi mchanga, kisha akaenda chumbani kuchukua koleo lake la akiba, kwa sababu sindano haishikwi kwa vidole vitupu, yeye si mshenzi. Akakaa, akainamisha kichwa, akafanya kazi.

Mama Kidoti aliporudi alipokea kitambaa kwa mikono miwili, kama inavyostahili kupokea kitu cha mama mkwe. Akakitazama. Akauma mdomo. Akageukia dirishani. Mabega yakaanza kucheza.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Sema."

"Mama, samahani," akasema Mama Kidoti, machozi yanamtoka, "hili jani limefanyiwa upasuaji wa nini?"

Jani lilikuwa limeshonwa kwa ustadi wa hali ya juu. Kila mshono ulikuwa umesimama peke yake, umefungwa fundo mara mbili na kukatwa, ncha mbili zimebaki juu kwa kipimo kimoja, na pengo kati ya mmoja na mwingine halikuzidi wala kupungua. Kilichokosekana ni jani. Mbele yao palikuwa na tumbo la mtu aliyetolewa kidole tumbo, rangi ya kijani.

Mama Nyuzi akanuna. "Ndivyo inavyoshonwa. Kila mmoja unajitegemea. Mmoja ukikatika, wengine wanashika. Vinginevyo kidonda kinafumuka."

"Lakini Mama," mkwe akasema, bado anafuta macho, "kitambaa hiki hakijaumia."

Mama Nyuzi akavuta fremu karibu. Alikitazama kitambaa. Ni kweli, kilikuwa kizima. Hakikuwa kikivuja popote. Hakuna aliyekuwa akisubiri amalize, hakuna atakayerudi kutolewa nyuzi. Alikuwa ameshona maisha yake yote, na hakuwahi kushika sindano mbele ya kitu kizima.

"Sasa kama hufungi," akauliza, na sasa aliuliza kwa sauti nyingine, "nini kinashika?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mama Kidoti alifumua ule upasuaji taratibu, akaanza upya mbele yake. Hakupiga fundo hata mwanzoni. Aliacha mkia wa uzi nyuma, akaushika kwa kidole, na mishono ya kwanza ikapita juu yake na kuukalia. Akatoboa kutoka chini, akasonga mbele, akarudi nyuma pale pale mshono uliopita ulipoishia, akatokeza mbele tena. Mstari ukatambaa bila kukatika. Ulipofika mwisho alikigeuza kitambaa, akapitisha uzi chini ya mishono yake yenyewe, akakata.

"Umejishika wenyewe," akasema Mama Nyuzi.

"Umejishika wenyewe."

"Na ukivutwa?"

"Nani atauvuta?"

Swali hilo nalo likamlaza macho.

Kuanzia hapo Mama Kidoti hakupata amani. Mama mkwe wake alimsubiri mlangoni na maswali kama mtoto anayesubiri peremende. Kwa nini uzi unapoteza mng'aro ukivutwa sana? Kwa nini mshono wa mnyororo haufumuki ila ukiachia pete ya mwisho ndipo wote unakimbia? Kwa nini ukijaza petali unaanzia katikati badala ya pembeni? Akataka kuona nyuma ya kila foronya ndani ya nyumba, maana aliamini kwamba mbele ya kazi kuna mapambo na nyuma kuna ukweli. Akakuta nyuma ya kazi za mkwe wake ni nadhifu kuliko mbele ya kazi za watu wengine, na akamheshimu kwa mara ya kwanza kwa moyo wote.

"Mama, unamhoji mke wangu kama polisi," mwanawe akalalamika.

"Kuuliza si ujinga. Wewe unasoma mita tu, hujui hata maji yanatoka wapi."

Koleo likarudi chumbani, vidole vikajifunza. Akashona jani lililoonekana jani. Akashona ua. Akashona kitu alichosema ni ndege, na Mama Kidoti, kwa adabu, akakubali kwamba ni ndege. Alasiri wawili hao walikaa dirishani, kila mmoja na duara lake, wakazungumza au wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukawa kwa aina mpya, kule kwa watu wanaojuana. Mama Nyuzi alijipima mapigo mwenyewe kwa siri, akakuta yameshuka. Alifurahi kama mtu aliyegundua duka la dawa lisilo na foleni.

Na mkono? Mkono alikuwa akiuvizia kama paka anavyovizia panya. Kila akiushika uzi aliutazama: utacheza sasa, utacheza sasa. Haukucheza. Jani zima, ua zima, mkono umetulia tuli. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Yeye alikunja uso. Mkono mgonjwa hautetemeki kwa zamu. Kama ni uzee, uzee hauendi likizo. Kama ni mishipa, mishipa haijui tofauti ya ngozi na pamba. Kulikuwa na kitu hapa, na alitaka kukijua hata kama kingemharibia.

Kilijileta chenyewe. Alasiri moja, katikati ya petali, mtoto wa jirani akaanza kulia ng'ambo ya ukuta. Alikuwa analia kwa sababu anaogeshwa. Hakuwa na jeraha, hakuwa na homa, alikuwa na sabuni. Na sindano ya Mama Nyuzi ikaruka, ikamchoma kidole.

Akakitazama kile kidole kilichotoa tone la damu. Akautazama mkono. Ulikuwa unatetemeka vile vile kama siku ile.

"Umeumia, Mama?"

"Nyamaza kwanza." Alisikiliza. Mtoto akamaliza kulia. Mkono ukatulia. "Mama Kidoti, huyu mtoto huogeshwa saa ngapi?"

Hapo ndipo nyumba ile ilipogeuka maabara. Kesho yake Mama Nyuzi alikuwa dirishani kabla ya wakati, sindano tayari, anangoja mtoto wa watu aogeshwe. Maji yakamwagika, kilio kikapanda, mkono ukatetemeka. Mwanawe akaombwa awashe redio mpaka mwisho: mkono haukujali. Akaombwa apige kelele za mpira, jambo ambalo hakuhitaji kuombwa mara mbili: mkono haukujali. Mbwa wakabweka, sahani ikavunjika kwa makusudi, mkono kimya. Mama Kidoti akajitolea kulia. Alilia kwa bidii, akaita marehemu wa uongo, akajifuta kwa khanga. Sindano ya Mama Nyuzi ikaendelea na ua lake bila hata kugeuka.

"Wewe hulii," akasema Mama Nyuzi. "Unaimba."

Wakacheka wote mpaka mbavu zikauma. Kisha kicheko kikaisha, na Mama Kidoti akauliza kwa upole swali ambalo lilikuwa limekaa pale pale muda wote.

"Lakini Mama, kule kazini si watu hulia kila siku? Mbona zamani mkono haukutetemeka?"

Mama Nyuzi aliweka fremu magotini. "Zamani nilikuwa sisikii," akasema. "Mwalimu wetu wa kushona, siku ya kwanza kabisa, alituambia masikio tuyaache mlangoni. Mgonjwa akilia, wewe sikiliza uzi. Ukimsikiliza yeye utaharibu. Basi nikayaacha. Tangu ujana wangu, Mama Kidoti. Nimewashona watoto wanapiga kelele za kupasua paa, na ukiniuliza baadaye nitakwambia alikuwa mtulivu." Akachomoa uzi mfupi uliobaki kwenye sindano. "Siku ile nilimsikia yule msichana. Sijui kwa nini yeye. Sijui kwa nini sasa. Nilimsikia tu, kama nilivyokusikia wewe ukicheka jani langu."

Mama Kidoti akamtungia uzi kwenye sindano, akamrudishia.

Usingizi haukumjia Mama Nyuzi kwa urahisi baada ya hapo. Alikuwa amepata jibu, na jibu lenyewe lilimbana. Kama ugonjwa ungekuwa wa mkono, angekunywa dawa. Lakini dawa ya kusikia ni ipi? Kuziba? Alijaribu siku moja, kwa udadisi, kutomsikia mtoto wa jirani kama alivyofanya zamani. Alikaza akili kwenye uzi. Hakuweza. Na jambo lililomshangaza zaidi ni kwamba hakutaka kuweza.

Mwezi ukaisha. Akarudi.

Daktari mkuu alikuwa amejiandaa. Juu ya meza ya chumba cha kushonea aliweka kipande kinene cha sponji, akakipasua kwa kisu mpasuko mrefu wenye kona, mbaya kuliko majeraha mengi ya kweli. Twiga alisimama pembeni ameshika mikono yake nyuma, anamwombea mwenzake kimoyomoyo, ilionekana usoni. Mama Nyuzi akavaa glovu. Akashika koleo na ile sindano iliyopinda, rafiki yake wa siku zote. Akashona. Kila mshono ukasimama peke yake, fundo mara mbili, ncha kwa kipimo kimoja. Kwenye kona akazunguka bila hata kupunguza mwendo.

Daktari akainama akatazama, akainuka, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ya kweli. "Kama mashine! Mkono mzima kabisa. Nilijua ni uchovu tu. Mama, kesho asubuhi uingie kazini. Kitanda chako hicho hapo."

Kitanda kilikuwa pale, na mpira wake wa kijani, na taa yake ya shingo ndefu. Mama Nyuzi alikitaka sana. Neno lilikuwa moja tu, ahsante, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nani angejua? Angemeza vidonge vya kutuliza. Angechagua wagonjwa wasiolia. Angemwachia Twiga watoto.

"Daktari," akasema, "umenipima kwa kitu kisicholia."

"Unasemaje?"

"Hiyo sponji haijaumia. Hata nyumbani nimeshona mwezi mzima vitu visivyoumia, mkono tuli. Lakini mtu akilia, unatetemeka. Nimeupima. Nimeupima vizuri kuliko wewe, samahani." Akavua glovu moja, akavua nyingine. "Usinirudishe kwenye sindano. Nitamharibu mtu uso."

Twiga alimtazama kama mtu anayetaka kumziba mdomo. Daktari akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Mama, unajua kwamba ungenyamaza ningekurudisha?"

"Najua."

"Basi itabidi..." Alitazama upande wa ukumbini, kule dirisha la kadi lilipokuwa, na aliona aibu kulitaja.

Hawakupata nafasi ya kumalizia, maana mlango ulisukumwa, mwanamume mmoja wa miraba minne akaingizwa, fundi bomba, bado na spana mfukoni, bati limempasua mkono kutoka kiwiko kwenda chini. Mtu mkubwa kiasi kile, na alikuwa analia. Alijaribu kulia bila sauti, jambo lililofanya sauti iwe mbaya zaidi. "Sindano siziwezi," alikuwa akisema. "Jamani, kitu chochote, ila sindano siziwezi."

Twiga akamlaza, akawasha taa, akaanza kuandaa ganzi. Alikuwa mzuri, Twiga. Mkono wake ulikuwa unakwenda haraka na kwa uhakika, na macho yake yalikuwa kwenye jeraha tu. Mama Nyuzi akajiona ndani ya Twiga. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa. Kwenye jeraha palikuwa na macho ya watu wawili, ya Twiga na ya daktari. Upande wa kichwa cha fundi hapakuwa na mtu. Katika miaka yote aliyofanya kazi ndani ya chumba kile, hakuwahi kugundua kwamba upande ule wa kitanda haukuwa na hata kiti.

Akaenda ukumbini, akachukua kiti cha plastiki, akakiweka kichwani kwa kitanda, akakaa.

"Mama, unafanya nini?" daktari akauliza.

"Nakaa."

"Hakuna nafasi ya kazi ya namna hiyo hapa."

"Najua haipo. Niandikeni dirishani, kama lazima mtu aandikwe mahali. Lakini akija anayelia, mniite." Hakumwangalia daktari aliposema hivyo. Alikuwa anamwangalia fundi bomba, uso kwanza. "Baba, hujambo? Nimesikia huziwezi sindano. Hata mimi siku hizi siziwezi. Nipe huo mkono mzima."

Fundi akampa mkono wake mzima, mkono mpana wenye sugu za kazi. Akaushika wa Mama Nyuzi kwa nguvu, kisha akageuza shingo amtazame, machozi yamemjaa masikioni.

"Mama, mbona mkono wako unatetemeka?"

"Kwa sababu nakusikia," akasema. "Na wako je?"

"Wangu ndio usiseme."

"Basi tushikane tu. Ukitaka kulia, lia."

Twiga akaingiza sindano ya ganzi. Fundi bomba akalia kwa sauti yake yote, na Mama Nyuzi akakaa pale akamsikia mpaka mwisho.